Kiatu cha Kushoto

Kipande kikubwa cha samaki kilikwenda kwenye sahani ya Lenny. Dedan alikiona kikitoka kwenye sufuria, kikapita mbele ya pua yake na kutua kwa shemeji yake, akajiambia kwamba mwanamume wa miaka thelathini na sita hawezi kununa kwa sababu ya samaki. Akanuna. Nyanchama, mkewe, hakuona kitu. Alikuwa ametoka kliniki, bado yumo ndani ya sare yake ya unesi, na tangu avue viatu mlangoni alikuwa na habari moja tu: Ijumaa mzungu anatua Doha kumtazama mdogo wake akicheza, na akiridhika naye atamchukua Ulaya akacheze hoki ya barafu kwa mshahara.

"Kula, Lenny," alisema. "Beki anahitaji mwili."

Dedan aliacha kutafuna. Maneno hayo aliyajua. Nyanchama aliwahi kumwambia yeye, hayohayo, miaka tisa nyuma huko Nairobi, wakati beki alikuwa yeye, na Lenny alikuwa mtoto wa shule ambaye hajawahi kuona barafu nje ya friji. Sasa yeye alikuwa na mkia wa samaki na miiba yake.

Wacha niseme mapema, kabla hamjamhukumu. Dedan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mume anayefua nguo zake mwenyewe, anayempigia mtoto simu kila jioni, asiyegusa pombe. Lakini alikuwa na wivu, na tuuite kwa jina lake, maana yeye mwenyewe aliuita uchovu, akauita goti, siku nyingine akauita joto la Doha, hata mwezi wa Novemba ambapo joto lenyewe halikuwapo.

Waliishi watatu katika chumba kimoja cha Fereej Bin Mahmoud, kwenye fleti iliyokatwa kwa mbao ikawa vyumba vitano. Kitanda cha mume na mke kilikuwa upande wa dirisha, godoro la Lenny upande wa mlango, na katikati pazia la maua ambalo Nyanchama alilinunua kwa ajili ya heshima. Heshima ilikuwapo, ila siri haikuwapo. Lenny akigeuka, Dedan alisikia. Jioni hiyo alimsikia akicheka peke yake nyuma ya pazia, akisoma ujumbe kwenye simu, na kicheko kile kilimkera kuliko kelele za Wapakistani wa chumba cha pili.

Nyanchama alimnong'oneza mumewe kwamba amefurahi hadi hawezi kulala. Dedan akajibu kwamba Ulaya kuna baridi.

*

Uwanja wa barafu ulikuwa ndani ya jumba kubwa la maduka, katikati ya mikahawa na maduka ya manukato. Lenny alikuwa mmoja wa vijana wa koti jekundu wanaoteleza humo siku nzima wakiwainua watoto walioanguka. Dedan alikaa kwenye kibanda chenye dirisha dogo kando ya uwanja. Yeye alikuwa mnoaji. Kila kiatu cha barafu kina kisu chini ya soli, na visu vyote vya uwanja ule, vya kukodisha na vya wenyewe, vilipita mikononi mwake.

Jinsi beki wa Nairobi alivyoishia kibandani ni habari fupi. Kulikuwa na hoteli yenye uwanja mdogo wa barafu, na Dedan aligawa viatu pale. Akajifunza kwa kuiba muda, akaanza kucheza na watu wa balozi za nje, akawa beki ambaye Wakanada wenyewe walimwogopa. Mmoja wao alimwahidi kumwandikia barua ya kwenda kujaribiwa kwao. Wiki mbili kabla ya barua hiyo, mtu mzito alimwangukia gotini. Ndiyo hivyo. Akapata kazi Doha mwaka 2009, akamleta mkewe, na mwaka 2012 akamleta Lenny, baada ya kumbembeleza msimamizi wa uwanja, Mganda aitwaye Henry, kwa miezi saba.

Na yeye ndiye aliyemfundisha. Asubuhi, kabla jumba halijafunguliwa, Dedan aliingia kwenye barafu na raba zake za kawaida, mkononi ameshika fagio la plastiki, akamsukuma Lenny kifuani kwa fagio hilo. Kazi ya beki wa barafu ni kurudi kinyumenyume kwa kasi ileile ambayo adui anamjia nayo, uso kwa uso, bila kugeuka, huku kile kisahani cheusi cha mpira kikipigwa huku na huku kwa magongo. Beki hatangazwi jina. Anazuia mashuti kwa mifupa ya miguu, anabanwa ukutani, na timu ikishinda wanabebwa wengine. "Keti chini zaidi," Dedan alikuwa akimwambia, akisukuma. "Zaidi. Kama umekalia kigoda cha jikoni." Miaka mitatu ya fagio.

Jumanne ile, wazungu wa timu ya wapenzi wa hoki walikuwa wakifanya mazoezi. Walikuwa marubani, mainjinia wa gesi, na daktari mmoja wa meno. Kocha wao aliitwa Tom, na Dedan alijua maisha ya Tom kama mtu anavyojua sala. Miaka kumi na minne ya ubeki wa kulipwa, timu tisa, nchi tano, mabao saba tu, meno manne ya mbele ya kubandika. Ni Tom aliyemruhusu Lenny kucheza nao, na ni yeye aliyemwandikia bosi wa timu yake ya mwisho, mzee Philip, kwamba huku jangwani kuna Mkenya wa kumtazama.

Tom alisimamisha mazoezi. Akamwuliza Lenny, wote wakisikia, ni nani aliyemfundisha kurudi nyuma vile, maana anakaa chini kama mabeki wa zamani, na siku hizi hakuna anayefundisha hivyo.

Dedan alikuwa dirishani na kiatu cha mtu mkononi. Alinyooka. Hata alipangusa vumbi la chuma kwenye aproni yake, kwa sababu aliona kwamba sasa wataangalia upande wake.

Lenny aliangalia upande wake kweli. Akaliona dirisha, akaiona aproni. Kisha akawatazama marubani na mainjinia waliokuwa wakisubiri jibu.

"YouTube," akasema.

Walicheka, wakampiga helmeti kwa upendo. Mazoezi yakaendelea. Dedan akarudi kwenye mashine na kukinoa kile kiatu mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, hadi mwenyewe akaja kulalamika kwamba anammalizia chuma chake. Akaomba msamaha. Mwenye kiatu alimwambia awe makini, kwa sauti ile ambayo watu huitumia kwa mtu ambaye hawalijui jina lake.

*

Jumatano mama mkwe alipiga simu kutoka Keroka. Ndiye aliyekuwa akimlea Kemunto, binti yao wa miaka saba, na kwa kawaida simu ilikuwa ya mtoto. Siku hiyo mtoto alipewa dakika moja. Zilizobaki zilikuwa za Lenny. Mama alitaka kujua mzungu ni wa dini gani, timu inatoa chakula au mtu anajipikia, na kama ni kweli kijana ataonyeshwa kwenye televisheni. Kanisani wameshatangaza. Padri ametaja jina.

Kisha akaomba kuongea na Dedan. Alizungumza kwa heshima zote za mama mkwe kwa mkwe wake, na ndiyo maana iliuma. Alisema anajua kwamba kijana yuko katika mikono salama. Akamwomba amwangalizie viatu vyake vizuri siku hiyo, kwa vile fundi viatu katika familia ni yeye.

"Nitaviangalia, mama," Dedan akasema.

Fundi viatu. Aliposhusha simu, Nyanchama alikuwa anatabasamu, akamwuliza kama amesikia vile mama anavyomtegemea. Mle chumbani hakuna aliyekuwa na nia ya kumdharau. Angepata mtu wa kumkasirikia, pengine yangeisha. Lakini hakumpata, akabaki na gere yake tumboni, akaenda kusimama kwenye ngazi za nje, akamhesabia Lenny makosa: anaacha taulo mbichi kitandani, anamaliza sukari, hajawahi kuumia. Hilo la mwisho ndilo lililomkaa. Miaka mitatu juu ya barafu, na kijana hajawahi hata kuteguka kidole.

*

Alhamisi mchana Lenny aliviacha viatu vyake kibandani kama kawaida. "Vya kesho, shem," alisema, akaondoka mbio kwa sababu Henry alikuwa anamwita.

Kisu cha kiatu cha barafu, ukikitazama kwa mbali, ni kipande cha chuma tu. Lakini chini yake kimechimbwa mfereji mwembamba, kwa hiyo kina makali mawili, la ndani na la nje. Mnoaji akikifunga kiatu kwenye kibano sawasawa, jiwe la kunolea linakula katikati na makali yanatoka kimo kimoja. Kibano kikipanda kidogo, robo tu ya mzunguko wa skrubu, kali moja linakuwa juu kuliko mwenzake. Jicho halioni. Mwenye kiatu akienda mbele moja kwa moja hasikii kitu. Atasikia siku atakaporudi kinyumenyume kwa kasi na kuuegemea mguu huo kugeuka, kwa sababu hapo mguu utakwenda kwake na yeye atakwenda kwake.

Kuna njia ya kujua. Unalaza sarafu juu ya makali yote mawili na kutazama kama imelala sawa au imeinama. Dedan alitumia shilingi ishirini ya Kenya, ile yenye duara mbili, na siku ya kwanza ya mafunzo alimpa Lenny ya kwake, akamwambia aiweke kwenye begi la viatu. "Pima kila mara," alimwambia. "Usimwamini mnoaji yeyote. Hata mimi." Lenny alipima mwaka mzima. Baadaye akaacha. Alisema kumpima shemeji yake ni kama kuhesabu chenji aliyorudishiwa na mamake.

Kiatu cha kulia Dedan alikinoa vizuri. Niseme ukweli, alikinoa vizuri sana, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya vingine. Akakifunga cha kushoto kwenye kibano. Mkono wake ukaenda kwenye skrubu, ukaizungusha robo.

Hakuwa na mawazo makubwa. Watu hudhani kwamba mtu anapofanya ubaya kuna sauti inayosema naye. Yeye alifikiria mkia wa samaki. Alifikiria neno YouTube. Alimwona Lenny akianguka mara moja tu, si vibaya, mbele ya Philip, na Philip akifunga koti lake na kusema labda mwaka ujao. Kisha maisha yangeendelea, watatu chumbani, kama zamani. Hakutaka zaidi ya hapo. Akawasha jiwe.

Alipomaliza alifuta vumbi lote la chuma kwenye sinia ya mashine, akafunika mashine kwa kitambaa, akakunja pembe ya kitambaa ndani kama anavyokunja kila siku kwa miaka sita. Jioni Lenny alivichukua viatu, akasema asante shem, na Dedan akamwambia kazi njema.

*

Ijumaa asubuhi jumba la maduka hufungwa hadi swala ya adhuhuri imalizike, na ndiyo saa timu ya Tom ilikuwa ikipewa barafu. Nyanchama alikuwa ameomba ruhusa kwa wenzake wa kwaya, maana Doha Wakristo nao husali Ijumaa, ataenda misa ya jioni. Alivaa gauni la kitenge na kubeba blanketi dogo. Dedan alitangulia. Alimwambia mkewe kuna viatu vya kumalizia. Ukimwuliza kama alitangulia ili arekebishe au ili atazame vizuri, hakujua, na mimi sitamjazia.

Alipofungua kibanda aliona kitambaa kwanza. Kilikuwa kimefunika mashine, lakini pembe haikukunjwa ndani. Ilining'inia. Akakiinua. Kwenye sinia kulikuwa na vumbi jipya la chuma, jeusi, kiasi cha kiatu kimoja. Akatazama kibano. Skrubu, ambayo yeye aliiacha na robo yake, ilikuwa imerudi kwenye alama ya katikati.

Mtu mwingine mwenye ufunguo wa kibanda kile alikuwa kijana wa zamu ya kufungua, na asubuhi hiyo zamu ilikuwa ya Lenny. Na mtu mwingine Doha nzima anayejua kuitumia mashine ile kwa mkono uliofundishwa na Dedan alikuwa Lenny huyohuyo.

Dedan aliketi kwenye kiti chake. Alitaka kukimbia, lakini kukimbilia wapi? Nje Nyanchama alikuwa anamwita kwa furaha, kwamba wamepata mahali pazuri pa kukaa.

Mechi ilianza. Mzee Philip alisimama kwenye kona na koti zito, hakuandika chochote. Hakutazama kisahani hata mara moja. Alitazama miguu. Na Lenny alirudi nyuma. Mshambuliaji wa kwanza alikuja na spidi yake yote, rubani kijana aliyesifika, na Lenny akarudi mbele yake ameketi chini, amekalia kigoda cha jikoni, akimpeleka pembeni polepole mpaka rubani akajikuta anatazamana na ukuta. Wa pili akaja hivyohivyo. Kila aliyekuja aliishia ukutani. Shuti moja lilimpata kwenye mfupa wa mguu, likasikika hadi juu, akainuka akiwa anachechemea na kuendelea.

Kila alipoegemea mguu wa kushoto kugeuka, Dedan alishika pumzi, ingawa alijua. Mguu ulishika barafu. Ulishika vizuri, kama vile mtu mwenye mkono mzuri amekinoa kisu kile, na hapo, katikati ya aibu yake, wivu ukamchoma upya: hata kunoa kijana amejua.

Nyanchama alimshika mkono. "Unatetemeka, Baba Kemunto."

"Baridi."

Akamfunika mabegani kwa blanketi. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba zamani alikuwa na wasiwasi, alidhani labda moyoni mwake anaumia kumwona Lenny akipata kile ambacho yeye hakukipata. Sasa amemwona anavyotetemeka kwa ajili ya mdogo wake, amejua alimkosea kumfikiria hivyo. "Unisamehe," akasema.

Dedan alitazama mbele. Kama kuna adhabu niliyowahi kuona mtu akipewa bila mtoaji kujua, ni ile. Alikaa chini ya blanketi lile dakika arobaini nyingine.

*

Baada ya mechi Lenny alikuja na Tom na Philip hadi kwenye dirisha la kibanda. Alikuwa anavuja jasho na mguu umevimba. Dedan aliona vile wanavyomjia akajua kwamba yamekwisha: atasemwa mbele ya wageni, Henry ataitwa, na kabla ya wiki kwisha atakuwa kwenye ndege ya kurudi nyumbani bila kazi, na Nyanchama atabaki akijua.

Lenny alimwambia Tom kwa Kiingereza kwamba Jumanne hakusema kweli. Hakujifunza kwa YouTube. Huyu ndiye aliyemfundisha, shemeji yake, alikuwa beki Nairobi. Alimfundisha kwa fagio.

Tom alimtazama Dedan kana kwamba kibanda kimefunguka ukuta. Akampa mkono kupitia dirishani. Akamwuliza alicheza miaka gani, upande gani, nini kilitokea. Dedan akataja goti. Tom akainua suruali yake na kuonyesha la kwake, lina mshono mrefu, wakatazamana. Philip naye akasema, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba kufundisha miguu ile ni kazi ya maana kuliko kuwa nayo.

Fikirini. Miaka tisa Dedan alikuwa akiisubiri sifa ile. Alikuwa ameshaipangia majibu usiku kwa usiku, atasema nini, atasimama vipi. Sasa imekuja, yote, kwa mkupuo mmoja, kutoka kwa watu haswa aliotaka itoke kwao, na hakuweza kuimeza. Alijibu "ndiyo, bwana" na "asante, bwana", akajifanya kutafuta kitu chini ya meza mpaka wakaondoka. Nyanchama alikuwa amelia hadi kifua cha gauni lake kikalowa. Akaenda nao kupiga picha.

Lenny alibaki. Aliingia kibandani, akaketi juu ya kasha la viatu, akaanza kufungua kamba.

"Nilipima," akasema.

Dedan aliivuta pembe ya kitambaa cha mashine, akaikunja ndani.

"Kitambo sijapima. Lakini nilikuona dirishani Jumanne, nilipomjibu Tom. Jana usiku sikulala, shem. Nikajiambia, wacha nipime."

"Lenny."

"Mimi nilisema YouTube. Niliona aibu mbele ya wale watu. Wewe ukafanya hivi." Alikivua kiatu cha kushoto, akakiweka sakafuni kati yao. "Ningevunjika mguu, shem."

Hakupandisha sauti. Angepandisha, Dedan angepata la kujibu, angetaja taulo na sukari, angetaja miezi saba ya kumbembeleza Henry. Alisema tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, na ilikuwa kweli: si kuanguka kidogo, si labda mwaka ujao. Goti lingekwenda kama lilivyokwenda la kwake. Dedan alijua hivyo tangu aliposhika skrubu. Hapo ndipo alipolia, mwanamume mzima, aproni usoni.

"Utamwambia dada yako?" aliuliza baadaye.

"Nimwambie nini?" Lenny alikuwa anajifunga barafu mguuni. "Mechi si imekwisha."

*

Karatasi zilichukua wiki nyingi. Kampuni iligoma kutoa kibali cha kutoka nchini, ikasema mkataba haujaisha, Henry akaenda ofisini mara nne kumwombea, na mwisho wa Januari kibali kikatoka. Timu ilikuwa ya mji mdogo ambao Nyanchama alijifunza kutamka jina lake. Mshahara wenyewe haukuwa wa kutisha, unesi ulilipa karibu na hapo. Dedan aliusikia ukitajwa mezani akajiona anafarijika kwamba si mkubwa zaidi, akajichukia kwa faraja hiyo, lakini hakuweza kuirudisha. Wivu haukuwa umeondoka. Yeyote anayekuambia kwamba wivu huisha kwa kilio kimoja, mwangalie vizuri. Ulikuwa palepale, ila sasa Dedan alikuwa anaujua sura.

Siku mbili kabla ya safari, Lenny aliviacha viatu kibandani. Dedan alivinoa asubuhi nzima. Wateja walijipanga dirishani na hakuinua kichwa. Alifunga kibano, akapima, akafungua, akafunga tena. Henry alichungulia akadhani mashine imeharibika.

Kwenye uwanja wa ndege Nyanchama aliwapanga wapige picha, kisha akaenda kutafuta maji ya kunywa, akiwa na macho mekundu. Wanaume wawili wakabaki na mizigo. Dedan alikuwa amebeba begi la viatu mwenyewe kutoka Fereej Bin Mahmoud, hakutaka dereva aliweke kwenye buti la gari. Akampa.

"Vimenolewa," akasema.

"Najua, shem. Asante."

Lenny alilitupia begani. Angeweza kuondoka hivyo, na Nyanchama alikuwa ameshaonekana anarudi na chupa mkononi. Lakini Dedan alimzuia kwa mkono kifuani, mahali palepale alipokuwa akimsukuma kwa fagio.

"Pima," akamwambia.

"Haina haja."

"Nilikufundisha nini? Pima."

Watu walikuwa wakipita na toroli za mizigo. Lenny alipiga goti sakafuni, akafungua zipu, akaingiza mkono chini kabisa ya begi na kutoa ile shilingi ishirini. Akavitoa viatu, akavigeuza visu juu. Akailaza sarafu kwenye cha kulia, akainamisha kichwa na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha kubwa. Ilikuwa imelala sawa. Akailaza kwenye cha kushoto. Ilikuwa imelala sawa. Dedan alikuwa amesimama juu yake na mikono mfukoni, akiwa na moyo wa mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Nyanchama alifika, akauliza wanatafuta nini sakafuni, akaambiwa hakuna.

Lenny alimtazama shemeji yake. Kisha akaishika tena ile sarafu na kukipima cha kushoto mara ya pili.